UZI: Nani hasa hushusha bei ya simu Kenya? Historia ya ada ambazo hatuzioni

1. Kila msimu wa siasa ukikaribia, ahadi ni zile zile. "Bando zitashuka." "Tutavunja ukiritimba." "Kutuma pesa kutakuwa bure." Upande wa pili nao unajibu: "Mkigusa kampuni kubwa mtaua kazi na ushuru." Kabla hujapiga makofi ama kumtusi mtu kwa komenti, tupitie tulikotoka. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Kampuni tutazitaja, kwa sababu bila wao hakuna hadithi.

2. Nitakachojaribu kuonyesha ni hiki: bei ya simu Kenya imeshuka pale mambo mawili yalipokutana. La kwanza, mteja anaona anacholipa. La pili, mteja anaweza kuhama bila kuumia. Tumewahi kuwa na kampuni nne na bado lile la pili likakosekana. Ukishaelewa hayo mawili, ahadi nyingi za jukwaani utaweza kuzipima mwenyewe.

3. Tuanze miaka ya tisini. Simu, barua, vibanda vya simu, leseni, vyote vilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, KPTC. Shirika moja, mchezaji na refa. Simu ya mkononi iliingia 1993 na kifaa chake kiliuzwa karibu shilingi 250,000. Kufikia 1999, nchi nzima haikuwa na wateja 20,000 wa simu za mkononi. Hao hawajazi hata uwanja wa Nyayo.

4. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ndiyo iliyovunja KPTC. Mwaka 1999 likagawanywa mara tatu: Telkom Kenya ikachukua simu, Posta ikachukua barua, na Tume ya Mawasiliano (CCK) ikawa refa. Hiyo CCK ndiyo leo tunaita Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kwa mara ya kwanza refa akatoka uwanjani. Lakini weka hii akilini, tutairudia: serikali yenyewe haikutoka uwanjani.

5. Mwaka 2000 mitandao miwili ikaanza kushindana. Safaricom, ambayo Telkom ya serikali ilikuwa na asilimia 60 na Vodafone ya Uingereza 40. Na KenCell, iliyokuwa ya Vivendi ya Ufaransa pamoja na wawekezaji wa hapa nyumbani. Leseni ilikuwa dola milioni 55. KenCell ndiyo ikawa Celtel, halafu Zain, na tangu 2010 ni Airtel. Ukisikia mzee akiita laini yake Celtel, usimcheke. Amebadilishiwa jina mara nyingi.

6. Pigano la kwanza halikuwa hata juu ya bei ya dakika. Lilikuwa juu ya kipimo. KenCell ilitoza kwa dakika, Safaricom ikaja na kutoza kwa sekunde. Piga hesabu ya mfano: dakika ni bob 20, nawe umeongea sekunde 15. Anayetoza kwa dakika anakukata bob 20. Anayetoza kwa sekunde anakukata bob 5. Bangoni bei ni ile ile, mfukoni ni robo.

7. Watu wa mapato ya chini walishika hiyo hesabu haraka kuliko wachumi. Nchi nzima ikajifunza kuongea kwa sekunde kumi: "Nimefika. Sawa. Haya." Tukaflashi, tukasambaziana kredo ya bob 10, tukanunua kadi ndogo za kukwaruza. KenCell ililenga watu wa maofisi. Safaricom ikaenda kwa mama mboga na ikapita. Somo la kwanza: bei unayoweza kuikadiria kabla ya kupiga ina thamani kuliko bei iliyoandikwa kubwa kwa bango.

8. Kutoka 2000 hadi 2008 ilikuwa ni hao wawili tu. Leseni ya tatu ilikuwa imeshapatiwa Econet, lakini ikakwama kwa mivutano na kesi za mahakamani miaka nenda miaka rudi. Huduma yao ilianza Novemba 2008, na baadaye ikaitwa yu. Septemba mwaka huo huo Telkom nayo ikaingia na jina la Orange, baada ya France Télécom kununua asilimia 51. Kwa hivyo mwaka uliisha tukiwa na mitandao minne.

9. Hapa ndipo wengi hukosea. Mitandao minne! Si ushindani umefika? Bado. Mkubwa aliendelea kuwa mkubwa, na wale wadogo wakawa wanahema. Sababu moja kubwa ilikuwa ada ambayo mteja haoni popote, haiko kwa SMS wala kwa bango. Kwa Kiswahili cha kawaida tuiite ada ya kupokelewa simu.

10. Inafanya kazi hivi. Ukipiga simu kutoka mtandao A kwenda mtandao B, B ndiye anayekufikishia hiyo simu kwa jirani yako. Kwa hivyo A anamlipa B kwa kila dakika. Kufikia katikati ya 2010, ada hiyo Kenya ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Maana yake ni kwamba hakuna mtandao ungeweza kukuuzia dakika ya kwenda mtandao mwingine kwa bob 3 bila kupata hasara, hata kama mwenye kampuni angekuwa malaika.

11. Sasa fikiria uko kwa mtandao mdogo. Marafiki zako wengi wako kwa ule mkubwa. Karibu kila simu yako inatoka nje, na kila inayotoka nje inalipiwa ile 4.42. Mtu wa mtandao mkubwa yeye anapiga ndani kwa ndani, ambako kampuni yake hailipi mtu. Kwa hivyo mkubwa anaweza kutoa ofa tamu za ndani, na mdogo hana nafasi hiyo.

12. Matokeo yake ni kama chama cha mtaa. Kadiri wanachama wanavyoongezeka, ndivyo asiye mwanachama anavyoumia, na ndivyo anavyoshawishika kujiunga. Hakuna mtu aliyelazimishwa. Hakuna njama ya siri iliyohitajika. Hesabu tu. Wakenya wakajitetea kwa njia yao: laini mbili, simu ya laini mbili kutoka Luthuli Avenue, moja ya kupiga hapa na nyingine ya kupiga pale.

13. Mwaka 2010 CCK ikafanya hesabu ya gharama halisi na kukata ada hiyo nusu: kutoka 4.42 hadi 2.21. Ikatoa pia ratiba ya kuendelea kuishusha mwaka baada ya mwaka hadi 0.99. Ni uamuzi mkavu, wa karatasi, na haukujaza uwanja wowote. Lakini angalia kilichofuata.

14. Agosti 2010, wiki chache tu baadaye, Zain, ambayo Bharti Airtel ya India ilikuwa imeinunua tu, ikatangaza bob 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. SMS bob 1. Nchi ikapagawa. Wengine wote wakalazimika kushuka. Waliokuwa wanaongea sekunde kumi wakaanza kupiga stori za nusu saa. Kama unakumbuka ule mwaka shangazi alianza kukupigia bila sababu, sasa unajua aliyeletea familia yenu hiyo furaha ni mstari mmoja kwa waraka wa CCK.

15. Na si ati kampuni zilipata huruma. Zain walikuwa na hamu ya kushusha, lakini hamu bila nafasi haisaidii. Ile 2.21 ndiyo iliyofungua nafasi. Ndiyo maana mtu akikuambia "ushindani ulileta bei chini", mwambie ni kweli, lakini ushindani ulifunguliwa mlango na refa.

16. Sasa sehemu ambayo haipendwi kutajwa. Ratiba ilisema Julai 2011 ada ishuke tena hadi 1.44. Haikushuka. Serikali iliingilia kati, ratiba ikasimamishwa ili kufanyike tathmini, na 2.21 ikabaki hadi mwisho wa 2012. Mwaka huo huo wa 2011 shilingi ilikuwa imeanguka, mfumuko wa bei uko juu, na Oktoba bei ya kupiga simu ikaanza kupanda tena.

17. Tuwe wa haki. Hoja za kusimamisha hazikuwa za kijinga. Moja: vita vya bei vikiendelea, kampuni hazitajenga minara kule ambako wateja ni wachache. Mbili: faida ikishuka, ushuru unashuka. Tatu: kampuni ndogo zikizoea kuishi kwa kupunguziwa ada, hazitawekeza. Hoja ya upande wa pili ilikuwa: mkisimamisha ratiba mliyotangaza wenyewe, ni mwekezaji gani atawaamini kesho?

18. Hatimaye ratiba ikarudi: 1.44, halafu 1.15, halafu 0.99 mwaka 2014. Lakini muda uliopotea una bei yake. Mwaka huo huo wa 2014 yu ikafunga duka. Wateja wake wakaenda Airtel, minara na vifaa vikaenda Safaricom. Siwezi kusema yu ilikufa kwa sababu ya ratiba peke yake. Lakini aliyekuwa anategemea ada ishuke Julai 2011 alingoja muda mrefu.

19. Turudi kwa lile sharti la kuhama. Aprili 2011 Kenya ilizindua kuhama mtandao na namba yako ile ile. Ada ilikuwa bob 200. Kwa karatasi, hii ndiyo dawa: ukichoka na kampuni unaondoka, na hakuna haja ya kuwaambia watu 300 kwamba umebadilisha namba. Kwa ground waliohama walikuwa wachache sana. Kwa nini?

20. Kwa sababu kufikia 2011 laini haikuwa tena ya kupiga simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ndani ya miaka minne ilikuwa mshahara, karo, chama, mazishi na nauli. Ukihama na namba yako, M-Pesa haikufuati. Namba inahama, mkoba unabaki. Hakuna sheria ya kuhama iliyofikiria hilo vizuri.

21. Na adhabu ilikuwa na tabaka. Kumtumia pesa mtu asiyesajiliwa M-Pesa kulikuwa ghali kuliko kumtumia aliyesajiliwa. Ajenti wa M-Pesa naye hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine, kwa hivyo mshindani angehitaji kujenga vibanda vyake upya kila kijiji. Airtel ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, na Julai 2014 Safaricom ikafungua maajenti wake wahudumie na wengine.

22. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka mkoba wa mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuja 2018. Kulipa kwa till ya mtandao mwingine kulikuja 2022. Hesabu miaka: kutoka 2007 hadi 2018 ni miaka 11. Katika miaka hiyo tabia ya nchi nzima ilishajengeka. Kwa miaka mingi sehemu ya M-Pesa katika soko la pesa za simu ilizidi asilimia 90. Mlango ulifunguliwa wakati wageni wote walishaingia nyumba moja.

23. Wakati huo washindani wanapungua. Orange iliondoka, Telkom ikarudi kwa jina lake. Februari 2019 Airtel na Telkom zikatangaza kwamba zitaungana ziwe nguvu moja ya kumkabili mkubwa. Agosti 2020 mpango ukavunjika baada ya masharti na vizuizi vingi. Kwa hivyo kila anayesema "soko liko huru, mtu aje ashindane" anapaswa kueleza mbona waliokuja waliondoka.

24. Sasa tuje kwa sharti la kwanza, kuona unacholipa. Mwisho wa 2016 Mamlaka ya Ushindani iliamuru watoa huduma za pesa kwa simu, kampuni za simu na benki pia, waonyeshe mteja gharama kwenye simu yake kabla hajamaliza muamala. Kabla ya hapo, mara nyingi ulijua umekatwa ngapi baada ya kukatwa. Huduma zingine hazikukuambia kabisa. Ilikuwa kama kuingia hoteli isiyo na menyu na kulipa kwanza.

25. Tazama pia majina. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Haikuitwa riba, iliitwa ada ya huduma. Kopa 1,000, rudisha 1,075. Inaonekana ndogo. Kwa hesabu rahisi ya mwaka ni asilimia 90. Na mwaka 2016 sheria ilipoweka kikomo cha riba za benki, mkopo wa simu ukaendelea vile vile, maana ada si riba. Jina tu ndilo lililotofautisha.

26. Na kila bei inapowekwa wazi, ukungu mpya unatanda mahali pengine. Siku hizi ukungu uko kwa bando. Fikiria ofa mbili za mfano: bob 20 kwa MB 250 zinazoisha baada ya saa 24, na bob 20 kwa GB 1 inayoisha baada ya saa moja. Ipi ni rahisi? Kwa bei ya MB, ya pili. Lakini kama ndani ya hiyo saa utatumia MB 150 tu, ya kwanza ndiyo nafuu, maana zinazobaki utazitumia jioni. Bei halisi inategemea kile utakachotupa.

27. Ongeza ofa za kibinafsi. Mfano ni Tunukiwa ya Safaricom: wewe unapewa ofa yako, jirani yako anapewa yake, kulingana na mnavyotumia simu. Kwa mteja mmoja mmoja inaweza kuwa zawadi nzuri. Lakini kwa soko, bei moja ya kulinganisha imepotea. Utaulizaje "mtandao gani ni rahisi" kama kila mtu ana bei yake? Hata mwandishi wa habari hana jedwali la kuchapisha.

28. Tumewahi kusukuma na ikasukumika. Mwaka 2019 hasira juu ya bando zinazoisha muda zilitoka mtandaoni zikafika kwa jopo la rufaa za mawasiliano, kupitia kwa raia aliyeuliza: nimenunua kitu, mbona unakichukua usiku wa manane? Oktoba mwaka huo Safaricom ikaleta bando zisizoisha muda. Hakuna aliyeshinda kiti kwa hilo. Ilikuwa ni malalamiko yaliyoandikwa vizuri na kupelekwa mahali panapofaa, pamoja na kelele za wengi.

29. Sasa ada nyingine ambayo haionekani, na hii wanasiasa wa pande zote hawaipendi: ushuru. Ushuru wa bidhaa kwa simu na data ulikuwa asilimia 10. Mwaka 2018 ukapanda hadi 15, mwaka 2021 hadi 20, mwaka 2023 ukarudi 15. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, na VAT inatozwa hata juu ya ule ushuru wa kwanza. Ushuru juu ya ushuru.

30. Piga hesabu. Kwa kiwango cha asilimia 15, ukitumia kredo ya shilingi 100, karibu shilingi 25 ni ushuru. Kwa asilimia 20 ilikuwa karibu 28. Wakati ilikuwa 10, ilikuwa karibu 22. Kwa hivyo bunge lililopandisha kutoka 10 hadi 20 lilikula shilingi 6 za kila 100 yako bila kampuni yoyote kubadilisha bango. Ada za kutuma pesa nazo ushuru wake ulitoka asilimia 10, ukawa 12 mwaka 2018, kisha 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuufikisha 20, na tunajua ulivyoisha.

31. Hapa ndipo tunarudi kwa lile nililosema uweke akilini. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma, bob 5 kwa hisa, ikabaki na 35. Kwa hivyo kwa miaka mingi serikali imevaa kofia tatu. Ni mwenye hisa anayengoja gawio. Ni mkusanya ushuru anayengoja mauzo yakue. Na ni mwajiri wa refa. Bei ikishuka, kofia mbili kati ya hizo zinapata hasara. Hii haihitaji mtu mbaya. Hata waziri mwadilifu kabisa atavutwa pande mbili.

32. Ndiyo maana mjadala wa "kampuni kubwa mno" umezunguka bila kutua. CA iliagiza utafiti mkubwa wa soko, uliofanywa na Analysys Mason, na mapendekezo yake yakazua vuta nikuvute ya miaka. Hapa kuwe na uangalifu. Kuwa mkubwa si kosa kisheria. Safaricom ilijenga minara mahali wengine hawakujenga, na watu wengi wako huko kwa sababu simu inashika. Kosa ni kutumia ukubwa kufungia wengine nje. Anayetaka kampuni ivunjwe aonyeshe ni mlango gani umefungwa.

33. Na ile ada ya kupokelewa simu? Bado ipo, na bado inapiganiwa kimya kimya. Desemba 2021 CA ilisema ishuke kutoka 0.99 hadi 0.12 kuanzia Januari 2022. Safaricom ikakata rufaa kwa jopo. Baada ya mazungumzo, ikawekwa 0.58 kuanzia Agosti 2022. Machi 2024 ikashuka hadi 0.41. Uliona hashtagi yoyote? Umbali kati ya 0.12 na 0.58 una uzito kwa soko kuliko hotuba nyingi za bei ya bando, lakini haukutrendi hata siku moja.

34. Kuna wakati pia bei ilishuka kwa amri, na tujifunze nayo. Machi 2020, corona ilipoingia, kutuma M-Pesa hadi shilingi 1,000 kulifanywa bure. Watu wakazoea. Mwaka ulipoisha, bure ikaisha. Punguzo la dharura ni jambo jema wakati wa dharura, lakini halibadilishi mfumo. Likiondolewa unarudi pale pale ulipokuwa, kwa sababu nafasi yako ya kuhama haikubadilika.

35. Silaha tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma hizo. Hakisemi bei iwe rahisi. Kinasema ujue. Kutoka hapo kuna kanuni za tangu 2010 za kulinda watumiaji na za viwango vya bei, kuna Mamlaka ya Mawasiliano, Mamlaka ya Ushindani, na jopo la rufaa. Hizo ofisi zinapokea barua za raia wa kawaida.

36. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani, wa upande wowote, aseme "nitashusha bei ya simu", muulize haya manne:
– Utagusa ada ya kupokelewa simu? Kutoka ngapi hadi ngapi, na kwa ratiba gani?
– Utagusa ushuru? Pengo la mapato utalijaza na nini?
– Utawezesha vipi mtu ahame na namba yake bila kuacha mkoba wake wa pesa nyuma?
– Utalazimisha kampuni zote zichapishe bei kwa kipimo kimoja, ili bando zilinganishwe?

37. Na anayesema "msiguse, mtaharibu" naye aulizwe: 2010 iligusiwa, na dakika ikashuka hadi bob 3. Nini kiliharibika, na ungefanya nini ili minara ya mashambani ijengwe bila mteja wa mjini kufungiwa? Swali hilo ni la haki. Ana jibu ama hana.

38. Ukitaka kuanza na kitu kidogo leo, fanya hivi: fungua jumbe za mwezi mmoja, jumlisha ada zote ulizokatwa kutuma na kutoa pesa, halafu jumlisha bando zilizoisha kabla hujazimaliza. Usiweke picha ya jumbe zako hapa, weka jumla tu. Tukipata jumla za kutosha tutaandika barua moja kwa Mamlaka ya Ushindani kuomba kipimo kimoja cha bei za bando, na tutaiweka hapa muisome kabla haijatumwa. Mwisho wa uzi.